Vipindi vya mtindo wa maisha vimeijaa runinga: vilipandaje, na vinajengwaje?

Msomaji_wa_Ratiba ameuliza:

Wakuu, salaam.

Ukifungua ratiba ya chaneli nyingi za burudani siku hizi, jioni nzima ni upishi, ukarabati wa nyumba, bustani, mavazi, watu wanaotafuta nyumba ya kununua. Zamani mambo haya yalikuwa na kona yao ndogo: mtaalamu mmoja kasimama mezani anaeleza, muziki unapigwa, kwisha. Sasa yamekalia saa za watazamaji wengi, pale palipokuwa pa tamthilia na vichekesho.

Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi hii kwa undani.

Kwanza, ni nini hasa kilichovipandisha? Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba ni vya gharama nafuu. Lakini mahojiano ya watu wawili vitini ni nafuu zaidi, na hayakupanda hivyo.

Pili, tuchukue kipindi cha dakika 22 cha kukarabati chumba kimoja kwa siku mbili. Siku hizo mbili zinapangwaje, na mara nyingi kinachoharibika ni nini?

Tatu, upande wa jikoni: keki inaingia kwenye oveni, sekunde chache baadaye imeiva. Nyuma ya hapo kuna nini?

Na kama yupo anayejua habari ya haki za fomati, yaani kama mtu anaruhusiwa kuchukua wazo la kipindi cha mwenzake, atufafanulie.

---

Kumbukumbu_ya_Mawimbi amejibu:

Mkuu, nachukua la kwanza.

Mada zenyewe ni za zamani sana. Marcel Boulestin alipika mbele ya kamera za BBC mwaka 1937, wakati matangazo ya kawaida ya runinga ya BBC yalikuwa na miezi michache tu tangu yaanze. Mwaka 1946 James Beard alikuwa anapika NBC ya Marekani, na Philip Harben BBC. Julia Child alianza The French Chef katika kituo cha WGBH, Boston, mwaka 1963. Gardeners' World ya bustani ni ya mwaka 1968, na This Old House ya ujenzi, WGBH tena, ni ya mwaka 1979. Kwa hiyo miaka ya 1990 haikuleta mada mpya hata moja. Ilileta umbo jipya.

Umbo la zamani lilikuwa somo. Mtaalamu anajua, mtazamaji hajui, kipindi kinaisha chakula kikiwa mezani. Umbo jipya lilimweka katikati mtu wa kawaida, likampa muda usiotosha na fedha zisizotosha, likamalizia na uso wake anapoona matokeo. Ready Steady Cook ya mwaka 1994: wapishi wawili, dakika 20, mfuko wa vyakula vya pauni 5. Changing Rooms ya mwaka 1996: majirani au marafiki wanabadilishana nyumba, kila upande unatengeneza chumba cha mwenzake kwa siku mbili na pauni 500. Vyote viwili vilitoka kwa kampuni ya Peter Bazalgette. Marekani walipoichukua Changing Rooms, mwaka 2000, wakaiita Trading Spaces: siku mbili zilezile, dola 1,000. Tazama kwamba mpaka wa muda ulivuka bahari bila kuguswa, jina na kiasi cha fedha ndivyo vilivyobadilika. Mipaka ndiyo hadithi. Mwondolee fundi mpaka wa siku mbili, umebaki na filamu ya watu wanaopaka rangi.

Sasa hilo la gharama. Uko sahihi kwamba halitoshi peke yake. Chaneli ikitangaza usiku na mchana inahitaji saa 168 kwa wiki. Food Network, chaneli ya upishi ya Marekani, ilianza mwaka 1993 na HGTV, ya nyumba na bustani, mwaka 1994, na chaneli ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa vipindi vinavyorushwa mara moja. Mahojiano yanachacha ndani ya wiki. Tamthilia inataka mtazamaji awe ameona sehemu iliyopita. Lakini kipindi cha kubadilisha sebule kinajitegemea: unaweza kukirusha Jumanne, ukakirudia Jumapili, ukakirudia mwaka kesho, na sehemu ya 9 ikatangulia ya 3 bila mtu kupotea. Gharama inagawanywa kwa idadi ya marudio. Hapo ndipo unafuu unapopatikana, kamera ni jambo la pili.

Kamera nayo ilisaidia, nisiipunje. Mwaka 1995 ulikuja mkanda mdogo wa DV (video ya kidijitali), pamoja na kamera kama Sony VX1000 ambayo mtu mmoja aliweza kuishika mkononi. Kabla ya hapo, kuingiza kamera ya bega, taa na watu wa kutosha ndani ya bafu la nyumba ya kawaida ilikuwa shughuli. Kamera ndogo iliingia, na ikamudu kukaa siku nzima bila mwenye nyumba kuanza kuigiza.

Kwa Uingereza kulikuwa na sheria mbili ambazo watu huzisahau. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1990 iliwabana watangazaji wakubwa, BBC na ITV, kuchukua angalau asilimia 25 ya vipindi vyao vinavyohusika kutoka kampuni za nje. Kampuni ndogo haziwezi kuishi kwa filamu moja nzuri kwa mwaka, zinataka kitu kinachozalishwa sehemu 10, 20, 30 kwa mpango uleule. Nyingine ni sheria ya nyumba ya mwaka 1980, iliyowapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua. Ukiwa mpangaji huna sababu ya kuvunja ukuta. Ukiwa mmiliki, ukuta unakuwa jambo lako. Vipindi vikawakuta watu tayari wameshika nyundo, vikaanza kujaza nafasi ya saa mbili hadi saa tatu usiku.

Wengi husema ni kampuni zinazotangaza rangi na samani zilizovisukuma. Kwa chaneli zinazoishi kwa matangazo ni kweli kwa sehemu. Ila vilivyofungua njia Uingereza vilikuwa vya BBC, isiyorusha matangazo ya biashara huko, kwa hiyo sababu hiyo naiweka chini kwenye orodha.

---

Fundi_wa_Fremu amejibu:

Naungana na mkuu hapo juu, na swali la pili naanzia pale alipoishia. Kipindi hiki kinauza tofauti kati ya hali mbili. Wengi huweka nguvu zote kwenye hali ya pili, na wanaharibu kipindi kabla siku ya kwanza haijaanza, kwa sababu picha za "kabla" zilipigwa kwa haraka kama kumbukumbu tu.

Picha za kabla zina siku yake, siku ya ukaguzi, chumba kikiwa kinatumika kama kawaida. Chagua sehemu tatu za kusimamisha kamera, zisizidi. Kwa kila moja andika: urefu wa lenzi kutoka sakafuni (sema sentimita 140), lenzi ni milimita ngapi (sema 24), saa ya siku, na mapazia yalikuwaje. Umbali usiuwekee alama ya gundi sakafuni, kwa sababu kesho zulia linang'olewa na alama inaondoka nalo. Pima kutoka vitu ambavyo havitaguswa, kwa kawaida kona ya dirisha na fremu ya mlango: "mita 2.10 kutoka kona ya kushoto ya dirisha, mita 0.60 kutoka fremu ya mlango." Kisha piga picha ya skrini ya kamera kwa simu. Siku ya pili ukirudisha kamera palepale, mhariri anaweza kufifisha chumba cha zamani kikageuka kipya bila kuta kuruka. Ukikosea sentimita 20 tu, jicho la mtazamaji linaona kuta zinahama badala ya kuona chumba kinabadilika.

Kuna tabia ya kuzima taa na kuacha vyombo vichafu ili "kabla" ionekane mbaya zaidi. Mimi siiungi mkono. Mwanga ukitofautiana mno mtazamaji anajua anadanganywa, na akishajua hilo haamini chochote unachomwonyesha baadaye.

Siku ya 1. Kinachotawala ratiba ni rangi kukauka. Rangi ya maji inashikika baada ya saa moja au mbili, lakini mkono wa pili wa rangi husubiri kama saa 4, na kukiwa na baridi au unyevu husubiri zaidi. Kwa hiyo mkono wa kwanza uwe umekwisha saa tatu asubuhi, wa pili uanze saa saba au saa nane mchana. Mkichelewa kuanza kwa sababu mtangazaji anarudia utangulizi mara sita, mkono wa pili unaangukia usiku, chini ya taa za kazi, na mistari ya rola mnaiona kesho yake mwanga wa dirisha ukipiga ukutani kwa ubavu. Utangulizi upigwe siku ya ukaguzi.

Yanayoharibika kwenye ufundi, kwa sababu ya haraka, ni yaleyale kila mara. Rangi ya maji juu ya rangi ya zamani ya mafuta bila kupiga msasa na bila praima (rangi ya msingi ya kushikisha): inabanduka kama ngozi. Plasta mbichi: inataka wiki kadhaa kukauka, siku mbili hazitoshi hata kidogo, kwa hiyo kipindi cha siku mbili kisiguse plasta mpya. Kingo za MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa): zinanyonya rangi na kubaki na manyoya, zipake kizibaji mara mbili na kupiga msasa katikati. Rafu kwenye ukuta wa bodi ya jasi: skrubu zishike mbao zilizo ndani ya ukuta au nanga za bodi zenye uzito ulioandikwa, la sivyo vitabu vikipangwa zinashuka. Na samani zisisukumwe hadi kugusa ukuta usiku ule. Rangi iliyokauka juu bado ni laini ndani kwa wiki mbili hadi nne, kabati litaondoka na kipande chake.

Kikosi cha chini kabisa ambacho hakilemei watu ni mwongozaji, mtayarishaji, wapiga picha wawili (wa tatu siku ya ufunuo, yaani mwenye nyumba anapoonyeshwa chumba kipya), fundi sauti, msaidizi mmoja wa kumbukumbu na mmoja wa mbio za huku na huku. Mafundi wanaoonekana kwenye kioo huwa wachache kuliko waliopo. Hilo liandikwe wazi mwishoni mwa kipindi, kwa sababu kuna watazamaji watakaojaribu nyumbani wakidhani watu wawili wanatosha.

Siku ya 2. Kazi isimame saa nane mchana, hata kama kuna kipande hakijakwisha. Saa nane hadi saa tisa na nusu ni kufagia, kuondoa vumbi kwenye kila kitu cheusi, na kupiga picha za chumba kitupu: kwanza zile sehemu tatu za ukaguzi, kisha vipande vya karibu, yaani kishikio, mshono wa pazia, kona ya rafu. Zote kabla mwenye nyumba hajaingia. Akishaingia, watu wanakaa kwenye kochi, kuna nyayo, kuna glasi za juisi, na chumba kile hakirudi tena.

Halafu ufunuo, ambao unapigwa mara moja. Kamera A inakaa kwenye uso, fremu ya kifua kwenda juu. Kamera B ni pana, inamwona yeye na chumba. Kamera C iko nyuma ya bega lake, inaona anachokiona. Kosa kubwa la mpiga picha wa kamera A ni kufuata macho: mwenye nyumba anatazama ukuta, naye anageuza kamera atazame ukuta. Ukuta hautoroki, utaupiga baadaye. Uso unabadilika kwa sekunde mbili au tatu na haurudii. Maagizo yake yawe haya: ukiushika uso, usiuachie kwa sekunde 20, hata ukisikia kelele nyuma yako. Kipimo cha mwangaza cha kamera kifungwe kwa mkono, kikiwa kimewekwa kwa mwanga wa ndani ya chumba. Ukiacha kamera ijipimie, anapotoka kwenye korido yenye giza kuingia ndani, picha inang'aa kupita kiasi halafu inashuka, na kushuka huko kunaangukia sekunde uliyoisubiri siku mbili.

Sauti: maiki ya nguo ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, na nguo isiwe ya nailoni kwa sababu inachakacha. Watu wakifurahi wanakumbatiana, na wakikumbatiana maiki mbili zinabanwa katikati ya vifua, unasikia vishindo tu. Maneno mazuri ya kipindi kizima mara nyingi husemwa ndani ya kumbatio hilo. Kwa hiyo maiki ya fimbo iwe hewani, juu ya vichwa vyao, hata kama fundi sauti ana uhakika na zile za nguo.

Kwa kiasi: dakika 22 zinazoonekana hutokana na saa 7 hadi 15 za picha. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45, kwa hiyo saa 15 ni gigabaiti 675. Nakala mbili kwenye diski mbili tofauti kabla kadi yoyote haijafutwa, na diski hizo zisisafiri ndani ya gari moja.

---

Msomaji_wa_Ratiba:

Shukrani sana wakuu, hili la kupima kutoka dirishani ni dhahabu. Swali la nyongeza kwa Fundi: mwenye nyumba akiingia na asipende?

---

Fundi_wa_Fremu:

Usimwombe arudie. Akitoka na kuingia tena akitabasamu, inaonekana, na yeye atawaambia watu. Waache wanyamaze, kamera A ibaki pale pale, mbunifu asikimbilie kujitetea. Ukimya wa sekunde 5 una thamani kuliko shangwe ya kulazimisha. La msingi lifanyike kabla: mkataba wa ridhaa useme nani atalipa kurudisha chumba kilivyokuwa, na ndani ya siku ngapi. Tenga fungu la mkono mmoja wa rangi ya awali kwa kila chumba. Na siku ya ukaguzi uliza kitu kimoja: ni kipi humu ndani hakiguswi? Picha ya marehemu, kabati la urithi, chochote kile. Kiandikwe na kitunzwe nje ya chumba.

---

Nyuma_ya_Jiko amejibu:

La tatu ni la kwangu.

Kile unachokiona kama keki moja ni keki nne. Kwa pishi lolote linalochukua zaidi ya dakika 10 za moto, unaandaa seti kwa hatua. Seti ya kwanza ni viungo vibichi vilivyopimwa kwenye bakuli. Ya pili ni mchanganyiko uliokwisha kukorogwa, umo ndani ya chombo cha kuokea. Ya tatu imeiva na inatoka kwenye oveni ikiwa ya moto kweli, kwa sababu mvuke na jinsi mpishi anavyoshika chombo haviigiziki. Ya nne imepoa, iko tayari kupambwa na kukatwa. Ongeza ya tano ya akiba, kwa sababu kipande cha kwanza kikikatika vibaya huwezi kukiunga. Kwa keki ya mayai 4, mezani kuna mayai 20, na ununuzi upangwe hivyo tangu mwanzo. Mtazamaji halalamiki kwa sababu anaambiwa: mpishi anasema hii imeandaliwa mapema, na muda wa kuoka unatajwa. Akisahau kuutaja, hapo ndipo barua zinakuja.

Seti zote ziokwe kwenye vyombo vya rangi na ukubwa uleule. Chombo cha bluu kikiingia na cha kijani kikitoka, hakuna atakayesikia mapishi tena.

Mapishi yajaribiwe kwenye oveni ya kawaida ya nyumbani, na mtu ambaye hakuyaandika, akifuata maandishi tu. Tofauti ya kilichoandikwa kwenye skrini na kilichosemwa mdomoni ni kosa la kila msimu: mpishi anasema vijiko viwili vya chai, maandishi yanasema vya chakula. Kwa chumvi au hamira hiyo ni mara tatu. Mtu mmoja akae na karatasi siku ya kurekodi, kazi yake iwe hiyo pekee.

Mvuke ni adui wa kamera ya juu. Lenzi inayotazama sufuria kutoka mita moja inapata ukungu ndani ya dakika mbili. Isogeze pembeni kidogo, iinamishe, na weka feni ndogo inayopuliza kukatiza mbele ya kioo. Feni ya kuvuta moshi huzimwa wakati wa kuongea kwa sababu ya kelele, halafu watu wanasahau kuiwasha na jiko zima linakuwa na utando. Sauti ya kukaanga irekodiwe peke yake, maiki karibu na kikaango, sekunde 30 bila mtu kusema. Bila hiyo chakula kinaonekana lakini hakisikiki.

Mwanga: taa za aina moja, zenye alama ya CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi, kati ya 100) ya 95 na zaidi. Taa duni zinaipa nyama rangi ya majivu na mboga rangi ya plastiki, na mhariri hawezi kuirudisha rangi ambayo taa haikuitoa. Dirisha la mchana lina kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600 hivi, balbu za zamani za nyumbani 2700 hivi. Ukichanganya, nusu ya sahani ni ya bluu na nusu ni ya machungwa. Chanzo kikuu cha taa kiwe nyuma ya chakula au ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele unafuta mng'ao wa mchuzi.

Picha za mikono zipigwe mwishoni, baada ya pishi zima. Angalia pete, saa, mikono ya shati imekunjwa mara ngapi, na kucha. Vitu hivyo vinne ndivyo vinavyosaliti kwamba picha haikupigwa wakati mmoja na nyingine.

Kwa mashindano: sahani inapigwa picha kwa dakika kadhaa, chakula kinapoa, kisha waamuzi wanaonja kitu kisicho sawa na alichotoa mshindani. Namna ya haki ni sahani mbili kutoka sufuria moja, moja ya kamera, nyingine ya kuonja, iliyotunzwa moto juu ya nyuzi 60 au baridi chini ya 5. Iandikwe kwenye kanuni ili kila mshindani apike kiasi kinachotosha.

---

Hati_na_Haki amejibu:

Kuhusu fomati, kwa ufupi: wazo tupu halina mmiliki. "Majirani wabadilishane vyumba" ni wazo. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Hughie Green, mtangazaji wa Uingereza, dhidi ya Shirika la Utangazaji la New Zealand. Alidai wamenakili kipindi chake cha vipaji, Opportunity Knocks: jina, misemo, na kipimo cha makofi ya watazamaji. Mwaka 1989 Baraza la Faragha (Privy Council) mjini London, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya New Zealand, lilikataa. Vipengele vile, kwa maoni yao, havikuwa na umoja wa kutosha kuwa kazi moja inayolindwa.

Somo la vitendo ni kuandika kila kitu. Kinachouzwa duniani leo ni kitabu cha fomati pamoja na mshauri anayekuja kukaa na kikosi msimu wa kwanza. Kitabu hicho kina mpangilio wa kipindi dakika kwa dakika, vigezo vya kuchagua washiriki, ramani ya seti, faili za michoro na muziki, bajeti ya mfano, ratiba ya upigaji picha, na sehemu muhimu kuliko zote: yaliyojaribiwa yakashindwa, na kwa nini. Jina lisajiliwe kama alama ya biashara. Maandishi, muziki na michoro vina hakimiliki yake. Wafanyabiashara wa fomati waliunda chama chao, FRAPA, mwaka 2000, ambacho husajili fomati na kusuluhisha, ila hakigeuzi wazo kuwa mali kisheria.

Mfano wa kitabu kilichofanya kazi ni MasterChef, mashindano ya upishi. Ilianza BBC mwaka 1990, ikarudi na umbo jipya mwaka 2005, na toleo la Australia la mwaka 2009 likalinyoosha kuwa mfululizo wa karibu kila usiku. Anayenunua leo hanunui wazo la watu kupika. Ananunua miaka ya makosa ya watu wengine.

Bidhaa ndani ya kipindi: angalia sheria ya nchi unakorushia, si unakorekodia. Uingereza iliruhusu malipo ya kuonyesha bidhaa kuanzia 28 Februari 2011, kwa alama ya herufi P, na BBC haikuhusika na ruhusa hiyo kwa vipindi vyake. Kama huna uhakika soko litakuwa wapi, geuza lebo zote zitazame nyuma.

---

Mkata_Kanda amejibu:

Niongeze la chumba cha uhariri, kwa sababu hapo ndipo dakika 22 zinapopungua bila mtu kujua.

Kwenye chaneli yenye matangazo, kila mapumziko yanadai kionjo kabla (vipande vya kinachokuja) na kikumbusho baada (muhtasari wa kilichopita). Mapumziko matatu, sekunde 20 kila upande, tayari dakika mbili zimekwenda. Toa ufunguzi na majina ya mwisho, unabaki na 19. Zigawe hivi: dakika 3 za kumjua mtu na chumba, 2 za mpango na mzozo wa mpango, 9 za kazi, 1 ya hofu ya muda, 4 za ufunuo. Wanaoanza hutoa 13 kwa kazi na 1 kwa ufunuo, kwa sababu picha za kazi ndizo nyingi. Vipindi vilivyohamia kwenye majukwaa yasiyo na mapumziko, kama Queer Eye, ya kubadilisha mwonekano na maisha ya mtu, iliyoanza chaneli ya Bravo mwaka 2003 na kurudi Netflix mwaka 2018, viliachana na vikumbusho hivyo na kuongeza muda wa mazungumzo. Ukiandaa matoleo mawili, hariri kwanza lile lisilo na mapumziko, kisha ulikate. Ukianza na lenye mapumziko utabaki na viraka.

Sauti ya mwisho: soko la Ulaya ni -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kiwango cha EBU R128, Marekani ni -24 kwa ATSC A/85. Kipindi kikirudishwa kwa sababu za kiufundi, mara nyingi ni hapa, au ni kumeta kwa taa kulikopita bila kuonwa kwenye skrini ndogo ya kamera. Penye umeme wa hezi 50 shata (muda wa kamera kupokea mwanga) iwe sekunde 1/50 au 1/100, penye 60 iwe 1/60 au 1/120.

Na lile la Fundi kuhusu sekunde 20 za uso: mkipeleka kanda kwa mhariri, ziwekeeni alama kwenye karatasi ya kumbukumbu, saa, dakika na sekunde zilipoanzia. Hizo ndizo ninazozitafuta kwanza, na kipindi kizima nakijenga kurudi nyuma kutoka hapo.